Mnara wa Xi'an uliopasuka ukajifunga: ilikuwaje?

Mwaka 1551, ofisa mmoja wa dola ya Ming aitwaye Wang He alifikia katika hekalu lililo kusini mwa mji wa Xi'an, China. Mtawa mwenyeji wake akamsimulia kisa cha mnara mrefu uliosimama uani, na Wang He hakukubali kisa kile kiishie kwenye maongezi. Alikichonga kwenye jiwe la linta ya mlango wa kaskazini wa mnara wenyewe.

Kwa maneno yetu, alichoandika ni hiki: miaka ya mwisho ya mfalme Chenghua, ardhi ilitetemeka na mnara ukapasuka kutoka utosini hadi miguuni. Ufa ulikuwa na upana wa kama futi moja, mwanga ukipenya humo kama dirishani, na wapita njia wakiutazama. Miaka ya mwisho ya mfalme Zhengde, ardhi ikatetemeka tena. Kwa usiku mmoja mnara ukawa kama zamani, utadhani miungu imeuunganisha.

Matetemeko hayo ni ya mwaka 1487 na 1521. Maana yake ufa ulikaa wazi miaka 34. Wahenga wetu walishaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi yeyote wa mtaani angekuambia mnara wa namna hiyo hauna maisha. Huu ulisimama, ukafunga, na mpaka leo upo. Jina lake ni Xiaoyan Ta, yaani Mnara Mdogo wa Bata Bukini.

Wageni wengi wakifika Xi'an hukimbilia kaka yake, Dayan Ta, ule Mkubwa. Ulijengwa mwaka 652 kwa ajili ya vitabu ambavyo mtawa Xuanzang alivileta kutoka India, una mita 64, na ni kweli unastahili safari. Lakini moyo wangu uko kwa huu mdogo. Una mita 43 tu, umekatika kichwa, na upo kwenye bustani ya miti mikubwa, kama kilomita moja kusini mwa lango la kusini la ukuta wa mji wa kale. Ukishuka kituo cha Nanshaomen kwenye metro, utaufikia kwa miguu.

Ulijengwa kati ya mwaka 707 na 709, wakati mji ukiitwa Chang'an na ukiwa makao makuu ya dola ya Tang. Hekalu lake, Jianfu, lilianzishwa mwaka 684 kumwombea marehemu mfalme Gaozong, na fedha za mnara zilichangwa na wanawake wa ikulu. Zamani hekalu lilikuwa upande mmoja wa barabara na mnara upande wa pili. Dola ya Tang ilipoporomoka hekalu likaharibiwa, na watawa wakahamia kwenye ua wa mnara.

Katika hekalu hilo, enzi za Tang, ndimo alimofanya kazi mtawa Yijing, na huyu msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atamwelewa haraka. Xuanzang alikwenda India kwa nchi kavu, akipita jangwa na milima. Yijing alikwenda kwa bahari. Mwaka 671 alipanda jahazi la Waajemi bandarini Guangzhou, akasafiri kwa pepo za msimu, ndugu wa kaskazi na kusi zetu, akipita Sumatra hadi India. Alirudi mwaka 695 akiwa na vitabu karibu 400. Kuanzia mwaka 706 akawa anavitafsiri katika hekalu hili hadi alipofariki mwaka 713. Kwa hiyo mnara huu wa bara, mbali kabisa na maji chumvi, una habari ya baharini ndani yake.

Sasa turudi kwenye ufa.

Xi'an iko kwenye bonde la mto Wei, na bonde hilo limezama kwa sababu ardhi pale inavutwa pande mbili. Ni jambo la jamii ileile na Bonde la Ufa letu, ingawa kila moja lina asili yake. Ardhi ya namna hiyo haitulii. Juu yake kuna tabaka nene la udongo wa njano, vumbi lililopeperushwa na upepo kwa maelfu mengi ya miaka hadi likawa vilima. Udongo huo una sura mbili. Ukiuacha kama ulivyo, ukilowa au ukitikiswa unaporomoka. Ukiushindilia vizuri, unakuwa mgumu karibu na jiwe.

Mafundi wa Tang waliujua vizuri. Walichimba, wakarudishia udongo tabaka kwa tabaka, na kila tabaka wakalitwanga mpaka likakaza ndipo wakaweka jingine. Wahandisi waliouchunguza msingi katika karne ya 20 walikuta bonge kubwa la udongo ulioshindiliwa, nene katikati chini ya mnara na jembamba kadiri unavyoelekea pembeni, likienea mbali kupita kuta zenyewe. Fikiria bakuli kubwa lililojaa udongo mgumu, limezikwa ardhini, na mnara umesimikwa katikati yake.

Wachina hupenda kuufananisha na kile kikaragosi cha watoto chenye tako la mviringo lenye uzito: unakisukuma kinalala, unakiachia kinainuka. Mfano huo unasaidia, ila usiuchukue neno kwa neno, kwa sababu mnara hauyumbi hivyo. Kazi ya bakuli ni kwamba tetemeko linapopita, msingi wote unasogea kama kitu kimoja. Uzito wa matofali unasambaa sawasawa, na hakuna kona moja inayozama peke yake.

Juu ya msingi mambo ni tofauti. Mnara una pande nne, upana wa mita 11 na kidogo kila upande chini, na ndani ni mtupu kama bomba. Sakafu zake za mbao hazina nguvu ya kuzifunga kuta pamoja. Halafu angalia madirisha. Kila ghorofa ina tundu upande wa kaskazini na jingine upande wa kusini, na yote yamepangwa kwenye mstari mmoja kutoka mlangoni hadi juu. Muulize fundi wa kwenu ukuta huanzia wapi kupasuka. Atakuonyesha kona ya dirisha. Hapa kuna safu nzima ya madirisha, moja juu ya jingine. Tetemeko la 1487 halikuhitaji kutafuta njia. Lilifuata safu hiyo na kuugawa mnara katika vipande viwili, cha mashariki na cha magharibi, vyote vikiwa vimesimama juu ya msingi uleule ambao haukugawanyika.

Na matofali hayakuungwa kwa saruji. Waliyaunga kwa tope la njano. Saruji hukataa kusogea mpaka ivunjike. Tope huachia, tofali likateleza kidogo na kubaki zima. Kwa hiyo ufa ule ulikuwa zaidi wa viungo vilivyoachana kuliko wa matofali yaliyosagika. Tetemeko la 1521 lilipoitikisa ardhi kwa namna nyingine, vipande viwili vilivyokuwa vimeegemea nje vilirudi kuegemeana. Hilo ndilo wahandisi wanaloliona nyuma ya maneno ya Wang He kuhusu miungu. Mimi naona halikipunguzii kisa utamu hata kidogo. Watu waliotwanga udongo mwaka 707 walikuwa wanaushikilia mnara zaidi ya miaka 800 baadaye.

Miaka mitano baada ya Wang He kuchonga maandishi yake, Januari 1556, likaja tetemeko ambalo historia ya dunia haijaandika la kuua zaidi yake. Kitovu kilikuwa Huaxian, mashariki ya Xi'an, na kumbukumbu za China zinataja vifo 830,000. Wengi walikuwa wakiishi katika nyumba zilizochimbwa ndani ya vilima vya udongo uleule wa njano, na vilima viliwaangukia usiku. Mnara ulipoteza ghorofa mbili za juu pamoja na ncha yake. Zilikuwa 15, zikabaki 13, na ndizo zilizopo leo.

Wenyeji husema mnara umepasuka mara tatu na kujifunga mara tatu. Maneno ya Wang He yanazungumzia mara moja. Na kuna jambo ambalo simulizi tamu huliruka: picha zilizopigwa mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha ufa mrefu umefunguka tena. Safari hiyo haukungojewa tetemeko liufunge. Kati ya mwaka 1964 na 1965 mafundi waliuziba, wakaufunga mnara kwa mikanda ya chuma, wakatengeneza kingo zilizomomonyoka na kuweka juu kinga ya mvua na ya radi. Ghorofa mbili zilizoanguka hawakuzirudisha, ingawa kujenga wangeweza. Waliamua kuutengeneza mzee abaki mzee. Nawashukuru kwa uamuzi huo, maana mnara wenye kichwa kipya ungekuwa mzuri kwenye picha, na mwaka 1556 ungekuwa umefutwa. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na maeneo mengine ya Barabara ya Hariri.

Ukienda, usiharakishe. Kwanza sogea kwenye mlango utazame linta na miimo ya mawe: mafundi wa Tang walichora juu yake maua yanayotambaa na viumbe wa mbinguni, kwa mistari myembamba kama ya kalamu, na inabidi uinamishe shingo ili mwanga ukuonyeshe. Kisha inua macho kwenye kingo za ghorofa. Kila ukingo umetokezwa kwa tofali juu ya tofali, na kati yake kuna safu ya matofali yaliyolazwa kwa pembe, ncha nje, kama meno ya msumeno. Ghorofa zinafupika na kusinyaa taratibu kadiri zinavyopanda, ndiyo maana umbo zima lina mpindo laini, tofauti na Dayan Ta iliyonyooka kwa ukali.

Uani kuna kengele ya chuma ya mwaka 1192, yenye zaidi ya tani kumi. Inasemekana ilipotea mafurikoni karne nyingi, hadi mwanamke mmoja aliyekuwa akifua kando ya mto alipopiga nguo juu ya kile alichodhani ni jiwe, na jiwe likalia kama chuma.

Baada ya kengele, zunguka hadi upande wa kaskazini, rudi nyuma hatua kama thelathini, na ufuate madirisha kwa macho kuanzia mlangoni: la kwanza, la pili, la tatu, hadi pale juu ambapo matofali yanaishia ghafla, bila ncha. Mstari huo unaoufuata kwa macho ndio uliokuwa ufa.