Kufupisha data kwenye Elasticsearch: yanayosemwa na yaliyopo

Friza sita za samaki hapa Malindi, kila moja na kipimajoto kinachotuma rekodi kila sekunde 10 kwenye Elasticsearch, mfumo wa kuhifadhi na kutafuta data. Hizo ni rekodi 8,640 kwa friza kwa siku, 51,840 kwa zote. Ukizifupisha kwa saa, zinabaki 144. Mwenye mali akitaka kulinganisha kaskazi ya mwaka huu na ya mwaka juzi, huo muhtasari ndio unaomjibu haraka. Ila kazi hizi za kufupisha (rollup) zimezungukwa na maneno mengi.

"Ukishaiweka, diski inapumua." Haipumui. Muhtasari unaandikwa kwenye indeksi (ghala la rekodi) yake mpya, rekodi za awali zinabaki palepale mpaka uweke sera ya kuzifuta. Tena kazi ukiiunda inakaa imesimama. Usipoiamuru ianze, haianzi. Mimi niliingoja siku mbili nikidhani seva ina uvivu.

"Wastani unatosha." Hapa ndipo samaki wanapoharibikia. Kijana ameacha mlango wazi robo saa, hewa ndani ikapanda hadi -8. Dakika 45 nyingine ilikuwa -20. Wastani wa saa hiyo ni -17, na kwenye chati hakuna anayeshtuka. Omba pia kiwango cha juu na cha chini tangu mwanzo, maana usichokichagua hakihifadhiwi, na rekodi za awali zikishafutwa hakuna pa kukitoa. Wastani wenyewe, kwa bahati nzuri, huhifadhiwa kama jumla na idadi, kwa hiyo saa yenye rekodi 60 haipewi uzito sawa na yenye 360.

"Siku ni siku." Usipotaja saa za eneo lako, mfumo unahesabu kwa UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko saa 3 mbele. Siku yake inaanza kwetu saa tisa usiku. Jodari walioshushwa saa nane usiku wanaandikiwa jana. Ukifupisha kwa siku, andika Africa/Nairobi.

"Rekodi zilizochelewa zitajiingiza." Intaneti ikikatika, kifaa kinaweka rekodi na kuzituma baadaye. Kazi ikiwa imeshaipita saa hiyo, hairudi nyuma. Iwekee muda wa kungoja kabla ya kufupisha. Mimi naweka saa 6.

"Ndiyo njia ya kisasa." Ilikuwa. Tangu toleo la 8.11 kazi hizi zimetangazwa kuwa za kuachwa, na kuanzia 8.15 klasta (kundi la seva za Elasticsearch) ambayo haijawahi kuzitumia inakataa kuunda mpya. Badala yake kuna kupunguza sampuli (downsampling) kwenye data za mfululizo wa wakati. Huko, ukipitia sera ya maisha ya indeksi (ILM), indeksi ya awali hufutwa baada ya kufupishwa, na diski inapumua kweli. Basi hakikisha muhtasari una unachohitaji kabla ya hapo, si baada.