Muuguzi wa wodi ya korona: uchovu wako ni upi?

Nawapenda wagonjwa na kazi naipenda. Mbona silali?

Kuipenda kazi hakukukingi. Aliyeuguza wagonjwa wa korona aliona watu wakikata roho bila jamaa kando ya kitanda, na Lamu mji ni mdogo: kesho yake unakutana na mfiwa kichochoroni. Ukiota ya wodini, ukishtuka king'ora cha mashine kinapolia, au ukikikwepa kitanda fulani, hicho ni kiwewe cha kushuhudia mateso ya wengine. Uchovu sugu wa kazi ni mwingine. Huo huja polepole: unamjibu mgonjwa kwa mkato na kuona hata ufanyeje, hakuna kinachobadilika.

Nitajipimaje?

Kwa dodoso la ProQOL (la kupima ubora wa maisha ya kazini), toleo la 5, la mwanasaikolojia Beth Hudnall Stamm. Lina kauli 30 kuhusu siku 30 zilizopita, kila moja ina alama 1 hadi 5. Kauli 10 zinapima kuridhika na kuhudumia, 10 uchovu sugu, 10 kiwewe. Usizijumlishe zote pamoja. Kila fungu lina jumla yake. Alama 22 kushuka ni kiwango cha chini, 23 hadi 41 wastani, 42 kupanda ni juu.

Wengi hukosea kwenye uchovu sugu: kauli ya 1, 4, 15, 17 na 29 hugeuzwa kwanza: alama 5 iwe 1, 4 iwe 2, na kinyume chake. Usipogeuza, mwenye furaha ataonekana amechoka. Na msimamizi asikusanye fomu zenye majina, maana hapo watu huandika cha kumpendeza. Alama hizi si utambuzi wa ugonjwa.

Nifanyeje?

Uchovu sugu hautibiwi kwa semina ya kuvumilia. Hutibiwa kwenye ratiba: wauguzi waongezwe, zamu za usiku zisifululize, na wakati wa joto la kaskazi wapokezane mapema, kwani aliyevaa mavazi ya kujikinga hawezi kunywa maji.

Kiwewe kinahitaji mshauri nasaha, ikiwezekana wa nje ya kituo chako. Msimlazimishe mtu kusimulia yote mara tu baada ya kifo. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo.

Nimwone daktari lini?

Dalili zikipita mwezi mmoja. Ukiwaza kujidhuru, nenda leo leo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya, bila malipo.