Mtungi wa kuzamia husomwa begani, si kwenye stika

Bahari inapoanza kutulia baada ya kusi, karakana yetu ya kupima mitungi hupokea mitungi mingi ya hewa kutoka vituo vya uzamiaji, na lawama ni zilezile: mtungi ni mzima, hauvuji, mbona umekataliwa? Tunaamini wengi huileta kwa nia njema. Lakini kutovuja si kipimo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kizio cha presha) umebana karibu lita 2,400 za hewa mgongoni mwa mtu, na ukuta wake unaweza kuchoka bila kuvuja hata kidogo.

Tunachokitambua ni alama zilizogongwa begani, pale juu mtungi unapopinda kuelekea shingo: namba ya mtungi, presha ya kazi, presha ya upimaji, ujazo, uzito ukiwa mtupu, aina ya nyuzi za shingo, na tarehe ya kila kipimo pamoja na alama ya aliyepima. Stika ya ukaguzi ni ukumbusho tu. Alama zikipigwa msasa au kufunikwa kwa rangi nzito, tunaurudisha mtungi bila kuugusa.

Muda tunaoufuata ndio unaotumika Uingereza: kukaguliwa ndani kila miezi 30, na kupimwa kwa presha ya maji kila miaka 5. Vali hufunguliwa, taa huingizwa ndani. Mtungi wa chuma ulioingia maji ya chumvi ukipinduliwa juu ya karatasi nyeupe humwaga unga mwekundu. Kutu hiyo hula oksijeni. Mtungi uliofungwa miezi mingi ukiwa na hewa unaweza kumpa mzamiaji pumzi isiyomtosha, na yeye asisikie harufu yoyote. Kisha tunapima nyuzi kwa geji. Vali ya M25×2, yaani yenye nyuzi za milimita, huingia kwenye shingo ya robo tatu inchi na kuonekana imekaza. Presha ikipanda, hung'oka na kuua.

Ndipo mtungi hujazwa maji, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa na ukipasuka hautarusha vipande. Huzamishwa kwenye tangi la kupimia, na wenye presha ya kazi ya baa 200 hupandishwa hadi 300. Tunapima umetanuka kiasi gani na, presha ikishuka, umebaki umetanuka kiasi gani. Kwa mitungi ya kanuni za Marekani, kinachobaki kikizidi asilimia 10 ya kutanuka kote, mtungi umekwisha.

Mtungi uliokwisha hugongwa X juu ya presha ya kazi, namba yake huingizwa kwenye daftari, mwenyewe husaini, na kwa ridhaa yake tunautoboa. Hakuna rufaa ya kuchomelea. Alumini iliyopakwa rangi ya kuchomwa kwenye oveni nayo inafutwa, yaani haitumiki tena, ikiwa joto lilizidi nyuzi 177 za Selsiasi, hata ing'ae vipi. Kituo kitakachojaza mtungi uliofutwa hatutakipimia tena mtungi wowote.

Wapo wanaotuomba tuwagongee tarehe tu, eti wageni wanafika kesho. Hatufanyi hivyo, na tusiombwe. Tarehe ile ndiyo anayoitegemea kijana anayejaza, aliyesimama kando ya kompresa akiwa ameshika mpira wa kujazia hewa. Anayenunua mtungi uliokwishatumika, hasa uliopitia kwa wavuna jongoo bahari, aulete kwetu kabla ya kulipa, ukiwa na hewa kidogo ndani ili maji na unyevu visiingie njiani. Kuutoa hewa hiyo ni kazi yetu.