Si lazima uwe umeacha pombe ndipo uende kikao cha AA

Wengi wetu tumeamini kwamba vikao vya Alcoholics Anonymous, yaani AA, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ni vya watu waliokwisha kuacha. Basi mtu hujiambia, "Nikimaliza wiki mbili bila kunywa, nitakwenda." Wiki mbili hazifiki, na aibu inazidi kumla.

AA ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, na sharti lake la uanachama ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Hata kama jana ulikunywa, kiti chako kipo.

Imani kwamba lazima uache kwanza inanisumbua kwa sababu ina hatari ya mwili. Anayekunywa sana kila siku akikatiza ghafla, peke yake nyumbani, anaweza kutetemeka, kuona mauzauza, hata kupata degedege na kufa. Huyo amwone daktari kwanza. Kikao hakitibu hayo.

Kwa Nairobi, vikao vipo, na vingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, ingawa AA si ya dhehebu lolote. Uliza kama kikao ni cha wazi, yaani kinapokea hata wasio na shida ya pombe. Hicho hata dada yako anaweza kukusindikiza. Mnakaa, mtu anataja jina lake la kwanza tu, anasimulia yaliyomkuta. Zamu ikikufikia, sema, "Leo nasikiliza tu," na inayofuata ni zamu ya jirani yako. Kapu la mchango likipita, mgeni halazimiki kutia kitu.