Umemaliza marathoni na baridi imeingia: urudi lini barabarani?

Berlin hukimbiwa Septemba, Chicago Oktoba, New York Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo katika nchi za kaskazini mwa dunia, wakimbiaji wengi hujikuta wanauguza miguu wakati majira ya baridi yanabisha hodi. Haya ndiyo wanayouliza.

Nilikimbia Jumapili. Leo Ijumaa sisikii maumivu yoyote. Kwa nini nisianze mazoezi?

Kwa sababu maumivu huondoka kwanza, majeraha yanabaki. Kilomita 42.195 ni makumi ya maelfu ya hatua, na kila mguu unapotua hubeba uzito unaozidi ule wa mwili mara mbili na zaidi. Nyuzi za misuli hupata michaniko midogo isiyoonekana kwa macho, na maumivu yake hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ndiyo maana siku ya pili utamwona mtu anashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani: kushuka kunaulazimisha msuli wa paja kufunga breki, na ni kazi hiyohiyo iliyouchana barabarani. Siku ya tano mtu huyo anatembea kama kawaida na anaamini amepona.

Hajapona. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, hivyo hukarabatiwa polepole. Mfupa nao hujijenga upya kwa wiki na miezi. Pumzi na moyo vinarudi mapema mno, vinakusukuma ukimbie kwa kasi ambayo kano ya kisigino haijawa tayari kuibeba. Mimi mwenyewe nilidanganyika hivyo. Siku ya sita nilitoka "kunyoosha miguu tu", asubuhi yenye barafu. Kwenye kilomita ya tano kigimbi cha kushoto kikakaza ghafla, nikarudi nyumbani nikichechemea, na wiki tatu zilizofuata nikawa mtu wa baiskeli ya ndani.

Basi nipumzike kwa muda gani?

Kanuni inayotajwa sana inahusishwa na Jack Foster wa New Zealand, aliyepata medali ya fedha ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 akiwa na miaka 41: kila maili uliyoshindana ilipwe kwa siku moja bila mazoezi makali. Marathoni ni maili 26 na ushee, kwa hiyo karibu mwezi mzima. Angalia neno "makali". Halimaanishi ulale kitandani siku 26.

Wiki ya kwanza usikimbie kabisa. Tembea, kula vizuri, lala. Wiki ya pili ogelea au endesha baiskeli taratibu, na mwishoni mwake jaribu dakika 20 za mbio za polepole, zile unazoweza kupiga soga bila kutweta. Wiki ya tatu na ya nne ongeza muda kidogo kidogo, kasi iache. Vyuma vizito navyo visubiri hadi wiki hizo.

Pima mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo matano hadi kumi, siku mbili tatu mfululizo, mwili bado una kazi ya kufanya na haujaimaliza.

Je, baridi inachelewesha kupona?

Shida yake kubwa ni kwamba inaficha. Mishipa ya damu ya ngozi na ya mikono na miguu hubana ili joto libaki kifuani na tumboni, na ganzi kidogo inakufanya usisikie kile kigimbi kinachokuonya. Ukiingia ndani ukapata joto ndipo unagundua. Kwa hiyo pasha mwili moto ndani ya nyumba kwa dakika kumi kabla ya kufungua mlango: panda ngazi, chuchumaa, inuka kwa vidole vya miguu.

Kuna na kiu. Kwenye baridi kiu hupungua na mkojo huongezeka, huku jasho likiendelea kutoka chini ya nguo. Kunywa hata kama hujisikii, bila kujaza tumbo maji.

Na theluji? Kila hatua inayoteleza huwapa kazi misuli ya nyonga na kano za kifundo cha mguu, viungo vilevile vilivyochoka. Fupisha hatua. Njia ikiwa kioo, mashine ya kukimbilia ndani si aibu.

Nikirudi ndani nakohoa sana. Ni mapafu?

Mara nyingi ni ukavu. Hewa ya baridi haina unyevu mwingi, na unapovuta nyingi kwa mdomo, njia za hewa hukauka na kubana. Funika mdomo kwa skafu nyepesi ili hewa unayoitoa iipashe joto ile unayoivuta. Kifua kikilia kama filimbi, au kikohozi kikijirudia kila unapokimbia, nenda ukapimwe pumu; wapo wanaoigundua ukubwani kwa njia hii.

Nivae nini?

Vaa kama vile nje kuna joto zaidi kwa nyuzi kumi kuliko kipimo kinavyosema. Ukiwa unatetemeka kidogo dakika tano za mwanzo, umevaa sawasawa. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwani pamba ikilowa hushika maji na kukunyonya joto. Juu yake vaa ya kuhifadhi joto, kisha ya kuzuia upepo. Upepo ukifanya baridi ihisike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, kwa hiyo siku hiyo baki ndani. Kidole kikiwa cheupe na hakihisi kitu, usikisugue, wala usikipake theluji kama wazee wengine wanavyoshauri. Kiloweke kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, na ganzi isipoisha mwone daktari.

Nimepata mafua wiki moja baada ya mbio. Nikimbie?

Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani pua na koo, kutembea au mbio fupi za polepole hazidhuru. Zikishuka kifuani, au ukiwa na homa na maumivu ya mwili mzima, acha kabisa. Baadhi ya virusi hushambulia msuli wa moyo, na mazoezi makali wakati huo ni hatari ya kweli.

Dawa za maumivu je?

Ibuprofeni na ndugu zake usinywe siku ya mbio na siku mbili tatu za mwanzo bila kushauriwa na daktari. Figo zilizopungukiwa maji hazizipendi.

Ni dalili gani hazisubiri?

Mkojo wa rangi nzito ya chai na misuli iliyovimba: msuli unavunjika na figo ziko hatarini. Kigimbi kimoja kuvimba, kuuma na kupata joto, hasa baada ya safari ndefu ya ndege: huenda damu imeganda. Maumivu ya kifua, kuzimia, au kuchanganyikiwa. Zote hizi ni hospitali saa hiyohiyo. Maumivu ya mfupa unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole, yanayouma hata usiku, huenda ni ufa. Hayo mwone daktari ndani ya siku chache na usikimbie kabla ya hapo.

Nimekimbia New York na nimejiandikisha Boston Aprili. Muda upo?

Upo. Boston hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, takriban wiki 24 baada ya New York. Mpango wa wiki 16 utauanza mwisho wa Desemba, kwa hiyo una wiki nane mkononi: nne za kupona, nne za mbio nyepesi na mazoezi ya nguvu ya mapaja. Mapaja hayo utayahitaji, kwa sababu Boston huanza kwa mteremko, na mteremko ndio unaochana.