Nywele za akina Marie Antoinette hazikuwa wigi

Mimi ni msusi wa nywele za jukwaani. Kila nikitengeneza mtindo wa mabibi wa Ufaransa wa miaka ya 1770, akina malkia Marie Antoinette, ule uliopanda kama kichuguu, naulizwa wigi lile lina uzito gani. Wigi walivaa zaidi wanaume. Wanawake kwa kawaida walitumia nywele zao wenyewe, labda na vipande vya kuongezea.

Kinachozisimamisha ni mafuta na unga. Pomada yao ilikuwa shahamu ya nguruwe au kondoo iliyotiwa manukato. Nimewahi kuipika: niliyeyusha shahamu ya kondoo kwa moto mdogo, nikaichuja kwa kitambaa, nikadondoshea mafuta ya karafuu. Iliganda nyeupe kama samli, na ukiisugua kiganjani inalainika. Unaipaka tangu kwenye shina la nywele, halafu unapuliza poda ya wanga. Nywele zilizokuwa zikiteleza sasa zinashikana, pini haichomoki. Unaweka mto wa sufu au wa singa za farasi utosini, unazichambua nywele kwa kurudisha chanuo nyuma, unazipandisha juu ya mto huo mpaka usionekane.

Ndiyo maana hadithi za panya kuzaliana humo zinaniudhi. Poda hunyonya mafuta na jasho. Ukichana, uchafu unatoka nao. Huo ndio ulikuwa usafi wao.

Mapambo yalifuata habari za mjini. Mfalme Louis XV alikufa kwa ndui Mei 1774, na mwezi uliofuata mfalme mpya, mume wa Marie Antoinette, akachanjwa. Mabibi wakabeba kichwani nyoka, rungu, jua na mzeituni kushangilia chanjo! Mwaka 1778, manowari Belle Poule ilipopigana na Waingereza, meli nzima ikapanda kichwani. Maria Theresa, mama yake Marie Antoinette, alikuwa amekwisha kumwandikia bintiye mwaka 1775 akilalamika kwamba amesikia nywele zake zimefika inchi 36 kutoka shinani.

Kilichozishusha nywele za malkia ni uzazi. Baada ya kumzaa mrithi wa kiti, Oktoba 1781, nywele zake zilipukutika, na msusi wake Léonard akazikata fupi. Mabibi wengine nao wakakata. Mimi pia huletewa vichwa vya namna hiyo, mama akiwa na kichanga cha miezi minne mapajani na nywele zikibaki kwenye kitana kwa mafungu. Nami huchukua mkasi.