Rekodi ya mkopo: yanayosemwa vijiweni Mtwara na Lindi, na ukweli wake

Minada ya korosho ikianza Oktoba, hakuna anayeogopa neno deni. Hela iko njiani. Shida huja Mei na Juni, mikorosho inapotaka kupuliziwa. Hata salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, ikifika, vibarua wa palizi na mwenye mashine ya kupulizia wanataka chao taslimu. Hapo ndipo mtu anakwenda benki Masasi au Nachingwea, afisa mikopo anaingiza namba yake ya NIDA kwenye kompyuta, anakaa kimya kidogo, kisha anasema, "Samahani mzee, mfumo umekataa."

Mfumo wenyewe si siri. Kwa kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya wakopaji, na benki hupeleka humo habari za kila mkopo, uliolipwa vizuri na uliolipwa vibaya. Kampuni zenye leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet zikiwa za mwanzo, hutengeneza ripoti ya mkopaji kutokana na taarifa hizo. Mwenye jina naye ana haki ya kuiona ripoti yake. Wengi hawaiombi, na sababu zao karibu zote ni maneno waliyoyaokota mtaani.

"Mimi sijawahi kukopa benki, simo humo."

Simu je? Songesha, M-Pawa, Timiza, Nivushe: nyuma ya hiyo elfu kumi uliyoivuta jioni ili ununue umeme kuna benki au mkopeshaji mwenye leseni, na deni lina jina. Wapo vijana wanaoamini kwamba ukivunja laini umeshamalizana na deni. Laini imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Ukinunua laini nyingine, namba ya NIDA ni ile ile.

Kubaya zaidi ni kwa asiyekopa kabisa. Bibi wa Mtama alisaidiwa kusajili laini, kidole kikabonyezwa mara mbili tatu kwa madai kwamba mashine haisomi, na sasa kuna laini ambayo hajawahi kuishika inayotembea kwa kitambulisho chake. Mwenye nayo akikopa, anayedaiwa ni bibi. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa jina lako. Halafu iangalie ripoti ya mikopo, kwa sababu kufunga laini hakufuti deni lililokwisha kuandikwa.

"Nilimdhamini tu, deni ni lake."

Kusini tunadhaminiana sana. Shemeji anataka bodaboda, mjomba anataka kufungua duka Mikindani, na kukataa kunaonekana roho mbaya. Lakini sahihi ya mdhamini ni ahadi ya kulipa, na taarifa za wadhamini nazo hukusanywa. Mikopo ya vikundi iko hivyo hivyo: mmoja akihamia Dar es Salaam kimyakimya, waliobaki wanabeba. Kama umedhamini, usingoje kupigiwa simu. Omba ripoti yako uone mkopo ule umesomekaje, ukiwa bado na nafasi ya kumbana mhusika.

"Nililipa lote baada ya mnada, kwa hiyo niko safi."

Hili ndilo linaloumiza wakulima wetu kuliko yote, na kwa maoni yangu lawama si yao peke yao. Ripoti haionyeshi tu kama deni limekwisha. Inaonyesha pia siku ulizochelewa kwa kila rejesho. Mtu anapewa mkopo wa marejesho ya kila mwezi kana kwamba ana mshahara, wakati hela yake inaingia mara moja kwa mwaka, chama cha msingi cha ushirika kikishalipwa. Machi halipi, Aprili halipi, Novemba anakuja na fedha zote mkononi. Yeye anajiona mwaminifu. Ripoti inamwonyesha amechelewa miezi. Kumaliza deni ni kuzuri na kunaandikwa, lakini hakufuti historia siku hiyo hiyo.

Dawa iko mwanzoni: kabla hujasaini, dai ratiba ya marejesho inayofuata msimu, wa korosho au wa ufuta. Na mnada ukichelewa au bei ikianguka, nenda uombe mkopo upangwe upya kabla tarehe haijapita.

"Ukiichungulia ripoti yako unajishushia alama za ukopaji."

Si kweli. Kujiangalia mwenyewe hakuhesabiwi kama kuomba mkopo. Kinachoweza kutia shaka ni kupeleka maombi kwa wakopeshaji watano ndani ya wiki moja.

"Nina mashamba na nyumba, rekodi ya nini?"

Mali ni dhamana. Rekodi inaeleza tabia ya kulipa. Benki inataka vyote viwili.

"Kuna jamaa anasafisha majina."

Anasafisha mfuko wako. Kampuni ya taarifa haikunyimi mkopo wala haikuweki kwenye "orodha nyeusi". Inaonyesha ilicholetewa, na uamuzi ni wa mkopeshaji. Taarifa sahihi haifutwi kwa kumpa mtu laki moja. Vilevile usidhani kumlipa vizuri mkopeshaji wa kausha damu, yule wa riba kali asiye na leseni, kunakujengea jina. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Huko unalipa riba kali, na ukimaliza huna rekodi nzuri ya kumwonyesha afisa wa benki.

Taarifa isiyo sahihi ndiyo inayosahihishwa, na njia yake ipo. Andika pingamizi kwa kampuni iliyotoa ripoti na kwa mkopeshaji aliyepeleka taarifa, ukiambatanisha nakala ya kitambulisho, stakabadhi za malipo au barua ya kumaliza mkopo. Barua hiyo iombe siku unapomaliza deni, kabla afisa aliyekuhudumia hajahamishwa. Mkopeshaji asipokujibu, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, na tawi lake liko Mtwara mjini. Marekebisho huchukua muda, kwa hiyo anayetaka mkopo wa Mei aombe ripoti yake Januari au Februari.